Maisha ya Imam Ghazali, Mwanachuoni Aliyekiacha Kiti Chake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji, katika darsa zetu za baada ya Maghribi jina la Imam Ghazali hutajwa mara nyingi mno, pengine kuliko jina la mwanachuoni yeyote baada ya maimamu wanne wa madhehebu. Lakini wanaomtaja ni watu wa namna mbili. Yuko ambaye akikitaja kitabu chake cha Ihyau Ulumid-Din hukitaja kama kwamba hamna ndani yake neno liwezalo kuulizwa. Na yuko ambaye amesikia kuwa mna hadithi dhaifu, basi akakifunga asikifungue tena, na mtungaji mwenyewe akamwandika katika daftari la watu wa bidaa. Kwa nionavyo mimi, wote wawili hawakumsoma. Na ajabu ni kuwa wote wawili wanafanya lile lile alilolikimbia Ghazali tangu ujana wake, nalo ni kuishika rai kwa sababu imesemwa na fulani, au kuitupa kwa sababu imesemwa na fulani. Kwa hivyo nimeona ni kheri kuyaeleza maisha yake kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo wapenzi wake hawapendi kuyasikia.

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad, na kuniya yake ni Abu Hamid. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambao magofu yake hayako mbali na mji wa Mashhad ulioko Iran ya leo. Baba yake, kwa ilivyopokewa, alikuwa mtu masikini mwenye kusokota sufi na kuiuza, hajui kusoma, lakini akipenda kukaa katika mabaraza ya wanavyuoni na kuwatumikia, na akisikia maneno yao hulia na kumwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa mjuzi wa dini. Mauti yalipomkaribia aliwausia watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja sufi, akamwachia vijisenti alivyokuwa navyo ili awasomeshe. Vile vijisenti havikudumu. Vilipokwisha, yule mwema aliwaita watoto akawaambia wazi kuwa yeye ni fakiri kama wao, na kuwa hana shauri ila wajiandikishe katika madrasa, kwani huko wanafunzi hupewa chakula. Basi wakaenda.

Ghazali alipokuwa mtu mzima hakuona haya kuikumbuka khabari hii. Alikuwa akisema kuwa walipoingia katika elimu hawakuitafuta kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, waliitafuta kwa ajili ya mkate, lakini elimu yenyewe ikakataa ila iwe ya Mwenyezi Mungu. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu maisha yake yote yanazunguka hapo.

Alianza fiqhi ya Imam Shafi kwa sheikh mmoja wa mji wake, aitwaye Ahmad Ar-Radhakani, khalafu akasafiri mpaka Jurjan, karibu na bahari ya Qazwin, akaandika huko madaftari aliyoyapokea kwa mwalimu wake. Njiani akirudi, msafara wao ulivamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata akimnasihi mkubwa wao ampe madaftari yake tu, kwani wao hayawafai kitu, na yeye ndani yake ndimo ilimo elimu aliyoisafiria. Yule jambazi akacheka, akamwuliza, vipi anadai kuwa ana elimu na hali sisi tumemnyang'anya madaftari naye akabaki hana elimu? Kisha akaamrisha arudishiwe. Ghazali aliliona neno lile kuwa Mwenyezi Mungu amelitia katika kinywa cha mwizi ili kumwongoza yeye. Alipofika Tus akakaa miaka 3 akiyahifadhi yale aliyoyaandika. Nami husema, wako masheikh waliofunza miaka arubaini na hawakumfaa mwanafunzi hata mmoja kama alivyomfaa Ghazali mwizi yule.

Baadaye akenda Naisabur, kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, mwanachuoni mkubwa kabisa wa Kishafii katika zama zake, aliyekuwa akisomesha katika madrasa ya Nidhamiya ya mji huo. Hapo alisoma fiqhi na usuli, ilmul kalam, mantiki na namna ya kujadiliana, akawapita wenzake wote. Akabaki naye mpaka Juwaini alipofariki mwaka 478 (1085).

Sasa yataka tuijue hali ya dola ya wakati ule, kwani bila ya hiyo mambo yaliyomfika baadaye hayafahamiki. Khalifa wa Bani Abbasi alikuwa Baghdad, lakini nguvu zilikuwa mikononi mwa wafalme wa Kiseljuki, Waturuki. Na mwendeshaji wa mambo yao alikuwa waziri Nidhamul Mulk, naye pia ni mtu wa Tus. Waziri huyu alijenga madrasa katika miji mikubwa zikaitwa kwa jina lake, akawawekea walimu mishahara na wanafunzi posho, ili apatikane jeshi la wanavyuoni wa Kisunni litakalowakabili Wabatini, yaani Waismaili, waliokuwa na dola yao Misri na ngome zao milimani kwa Waajemi. Jambo hili lilikuwa na kheri kubwa, na hapana mtu mwenye insafu atakayelikanusha. Lakini lilikuja na mtihani wake. Elimu ikawa ni njia ya cheo. Kijana mwenye ulimi mwepesi aliweza kutoka katika kibanda cha msokota sufi akaingia katika baraza la waziri kwa kuwashinda wenzake katika mabishano, na Ghazali ndivyo alivyofanya. Alikwenda katika kambi ya Nidhamul Mulk, akajadiliana na wanavyuoni mbele yake, akawashinda, na mwaka 484 (1091) akapelekwa Baghdad kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya huko. Alikuwa hajatimiza miaka 35. Hakukuwa katika ulimwengu wa Kiislamu kiti cha elimu kilichokuwa na fahari kuliko kile.

Mwenyewe ameeleza kuwa akisomesha watu 300. Na katika muda huo huo wa shughuli akasoma vitabu vya falsafa peke yake bila ya mwalimu, kwa muda usiotimia miaka 2, akaongeza karibu mwaka mmoja wa kuyarudia yale aliyoyasoma na kuyapima.

Lakini chini ya fahari hii kulikuwa na mtu mwengine. Katika kitabu alichokitunga karibu na mwisho wa umri wake, kiitwacho Al-Munqidh minadh-Dhalal, amesimulia kuwa tangu ujana wake alikuwa akiona mtoto wa Kinasara hukua Mnasara, na wa Kiyahudi Myahudi, na wa Kiislamu Mwislamu, naye akajiuliza: katika haya niliyoyarithi, ni lipi nilijualo kwa yakini, na ni lipi nililolipokea kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba fulani? Akaanza kuipima kila elimu aliyonayo. Akaanza na macho, akaona kuwa macho hudanganya. Kivuli tukikitazama twaona kimesimama, nacho kinakwenda. Nyota twaiona ndogo kama dinari, na hisabu ya wajuzi inathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi akasema nitaitegemea akili. Kisha akajiuliza: ikiwa akili imekuja ikayakadhibisha macho, ni nini kinachonihakikishia kuwa hakuna hakimu mwengine nyuma ya akili, ambaye lau angedhihiri angeikadhibisha akili pia? Aliyelala huyaona ya ndotoni kuwa ni kweli tupu, mpaka aamke. Akakaa karibu miezi 2 katika shaka hii, ulimi wake ukisema kama watu wasemavyo na moyo wake haumo. Na alipotoka humo, amesema, hakutoka kwa kupanga hoja, alitoka kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake.

Wako wanaoogopa kuisoma sehemu hii, wakidhani kuwa kuuliza ni kukufuru. Lau ingekuwa hivyo Ghazali asingeiandika khabari yake kwa mkono wake mwenyewe ili wanafunzi waisome. Alichokikusudia ni kuwaonyesha kuwa mwenye kufuata bila ya kujua haachi kuwa mfuataji hata kama anayefuatwa yuko katika haki, na kuwa kioo cha taqlidi kikishavunjika hakiungiki kwa gundi, hakina budi kuyeyushwa motoni kikafanywa upya.

Baada ya hapo akawagawa watafutao haki katika mafungu manne: watu wa ilmul kalam, Wabatini wanaodai kuwa elimu haipatikani ila kwa imamu maasumu, wanafalsafa, na masufi. Akachukua ahadi na nafsi yake kuwa hatamrudi mtu mpaka aijue elimu ya mtu yule kuliko aijuavyo mwenyewe. Hii ni adabu ambayo sisi tumeipoteza kabisa. Kwanza akatunga kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa, akakieleza vizuri kabisa bila ya kuongeza wala kupunguza, hata kilipotarjumiwa kwa Kilatini huko Uhispania katika karne ya 12 wasomi wa Ulaya walimdhania kuwa naye ni mmoja wao! Kisha ndipo akatunga kitabu cha kuwajibu, Tahafutul Falasifa, alichokimaliza mwanzo wa mwaka 488 (1095).

Katika kitabu hicho amewajibu Farabi na Ibn Sina, waliofuata njia ya Aristotle, katika mas-ala 20. Katika 17 aliwahukumu kuwa wamezua na kukosea. Katika 3 aliwahukumu kukufuru, nazo ni kusema kwao kuwa ulimwengu ni wa kale hauna mwanzo, kuwa Mwenyezi Mungu huyajua mambo kwa ujumla wala hayajui moja moja, na kuwa miili haitafufuliwa. Mas-ala yaliyoshughulisha watu zaidi ni yale ya sababu na matokeo. Wanafalsafa wakisema kuwa moto ukikutana na pamba hauna hiari ila kuiunguza. Ghazali akawauliza, mmekiona nini? Mmeona kuwa kuungua kunapatikana wakati wa kukutana. Kuwa moto ndio mwenye kutenda, hilo hamkuliona, mmelizoea tu. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu, naye ndiye aliyeupa ulimwengu desturi yake, na akitaka huiondoa, kama alivyoiondoa kwa Nabii Ibrahim (A.S.). Miaka kama 85 baadaye Ibn Rushd wa Qurtuba alimjibu kwa kitabu kizima, akasema kuwa mwenye kuondoa sababu ameiondoa akili yenyewe. Mimi si mtu wa kuhukumu baina ya majabali mawili kama haya, lakini naona ni wajibu kusema kuwa Ghazali hakumwambia mtu yeyote aache kutumia desturi ya ulimwengu. Hakumwambia mgonjwa aache dawa, wala mkulima aache jembe.

Na kwa hivyo yataka tuijibu dhana moja iliyoenea, nayo ni kuwa Ghazali ndiye aliyeua elimu za dunia kwa Waislamu. Aliyesema hivi hakuusoma hata utangulizi wa Tahafut. Humo ameeleza kuwa kupatwa kwa jua na mwezi kuna hisabu zake zilizothibiti, na kuwa mtu anayedhani kuwa anainusuru dini kwa kuzikanusha hisabu hizo anaidhuru dini, kwani aliyeijua hisabu kwa yakini hataitilia shaka hisabu yake, ataitilia shaka dini. Dhara ya anayeinusuru dini kwa njia isiyokuwa yake, kwake yeye, ni kubwa kuliko dhara ya anayeishambulia. Nimewahi kumsikia mtu mwenye kilemba kikubwa akikanusha juu ya mimbari jambo ambalo vijana waliokuwa mbele yake walikuwa wamelisoma shuleni kwa dalili zake. Nikawatazama nyuso zao, nikamkumbuka Ghazali.

Na katika kitabu cha kwanza cha Ihya analalamika kuwa uko mji hauna tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na juu ya hivyo humwoni Mwislamu akishughulika na utabibu, ambao ni faradhi ya kifaya, bali wote wanasongamana katika fiqhi ya khilafu na mabishano, na mji umejaa watu wa namna hiyo. Kisha anaitaja sababu bila ya kuficha: kwa utabibu mtu hapati kusimamia wakfu na wasia, wala kukamata mali za mayatima, wala kuwa kadhi, wala kuwatangulia wenzake. Mara ya kwanza nilipoisoma sehemu hii niliweka kitabu chini, kwani nilidhani amekaa nasi barazani.

Turejee Baghdad. Mwezi wa Ramadhani 485 (1092) Nidhamul Mulk aliuawa kwa kisu, ikasemwa kuwa muuaji ni katika Wabatini, na baada ya wiki chache mfalme Malik Shah naye akafa. Wanawe wakapigania ufalme. Ghazali alikuwa karibu na mambo hayo yote, akahudhuria kubaiwa kwa Khalifa Al-Mustadhhir, akamtungia kitabu cha kuwajibu Wabatini. Heshima yake ilikuwa inazidi. Naye wakati huo alikuwa anasoma vitabu vya masufi wa kale, kama Al-Muhasibi na Al-Junaid na Abu Talib Al-Makki, akatambua kuwa yaliyomo humo hayapatikani kwa kusoma tu. Kujua maana ya afya si sawa na kuwa na afya. Akaitazama kazi yake iliyo bora kabisa, kusomesha, akaitafuta nia yake ndani yake, akaona kuwa hakuna ndani yake uso wa Mwenyezi Mungu. Kinachomsukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa sifa.

Akakaa karibu miezi 6, tangu Rajab 488, akivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azma ikavunjika. Nafsi humwambia kuwa hali hii itapita, na kuwa akikiacha kiti hiki pengine atakitamani kesho asikipate. Mpaka siku moja akakaa kusomesha, na ulimi ukafungika. Hakuweza kutamka neno moja. Huzuni ikashuka moyoni, chakula kikawa hakipiti wala hakisagiki tumboni, mwili ukadhoofu, matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa maradhi haya yameanza moyoni na hayana dawa mpaka moyo utulie. Hapo, kwa maneno yake, alimkimbilia Mwenyezi Mungu ukimbilio wa aliyedhikika asiyekuwa na hila, akasahilishiwa kuviacha cheo na mali.

Akatangaza kuwa anakwenda Makka kuhiji, na moyoni akakusudia Sham, kwa kukhofu kuwa Khalifa na marafiki wakijua hawatamwacha. Akaigawa mali yake, hakubakisha ila kiasi cha kuwatosha watoto wake. Nduguye Ahmad akasomesha mahali pake. Mwezi wa Dhulqaada 488 (Novemba 1095) akatoka Baghdad. Watu wa Iraq wakashangaa, kwani kwao hapakuwa na cheo cha dini juu ya kile. Wengine wakasema ni jicho limewapata Waislamu. Na katika zama hizi wako waandishi wanaosema kuwa aliwakimbia Wabatini waliomwua waziri, au aliogopa wafalme waliokuwa wakigombana. Huenda khofu hiyo ilikuwapo, mwanadamu ni mwanadamu. Lakini mwenye kukimbia kisu haoni haja ya kuandika kuwa alikuwa akisomesha kwa riya.

Akakaa Damascus, katika msikiti wa Bani Umayya, akipanda mnara wake na kujifungia mchana kutwa. Imepokewa kuwa siku moja aliingia katika madrasa, akamsikia mwalimu akisema kuwa Ghazali amesema kadha, naye hamjui kuwa yuko pale. Akaogopa kuingiwa na ujubu, akauhama mji. Akafika Baitul Muqaddas, akajifungia katika Qubba ya Mwamba. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) huko Al-Khalil, na hapo akaweka ahadi tatu: asipokee mali ya mtawala, asiende kwa mtawala, wala asijadiliane na mtu kwa mabishano. Kisha akahiji na kuzuru Madina. Baadaye akapita Baghdad, na hapo mwaka 490 (1097) Abubakar Ibn Al-Arabi, aliyekuja kuwa kadhi wa Ishbiliya, akasoma kwake. Kisha akarudi Tus kwa ajili ya watoto wake.

Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihya. Ni vitabu 40 vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, desturi za maisha, mambo yenye kuangamiza, na mambo yenye kuokoa. Aliona kuwa fiqhi imebaki ni hukumu za talaka na salam na ijara, na kuwa fakihi akiulizwa khabari ya ikhlasi au riya hana la kujibu, na hali riya ndiyo itakayomwangamiza akhera. Basi katika mlango wa tohara hakukoma katika maji. Anawaeleza watu wanaomaliza saa nzima kwa wasiwasi wa udhu, na ndani yao mmejaa kibri na hasadi wala hawaoni kuwa hiyo ni najisi. Na katika robo ya tatu anaufungua moyo wa mwanachuoni kama tabibu anavyofungua jipu. Wahubiri, makadhi, wenye kuhiji kila mwaka na jirani zao wana njaa, hakumwacha mtu, na kila asomaye hujiona.

Masharifu wa Hadhramaut, ambao wengi walihamia katika pwani yetu, walikipenda kitabu hiki mapenzi makubwa, na kwa mikono yao kikaingia katika misikiti yetu.

Lakini haki haina aibu. Ghazali hakuwa mtu wa hadithi, na mwenyewe alikiri kuwa bidhaa yake katika fani hiyo ni chache. Akazitia katika Ihya hadithi nyingi dhaifu, na nyengine hazina asili kabisa. Ibn Al-Jauzi alimlaumu vikali, kisha, na hii ndiyo insafu, akakaa akakifupisha kitabu hicho hicho ili watu wanufaike nacho. Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), akazipekua hadithi zake moja moja na kubainisha sahihi na dhaifu, na kazi yake imechapwa pembeni mwa nakala nyingi za Ihya. Basi asiyetazama pembeni asiwalaumu wanavyuoni kuwa hawakumbainishia. Hata mwanafunzi wake Ibn Al-Arabi alisema kuwa sheikh wetu aliwameza wanafalsafa, akataka kuwatapika asiweze. Na huko Andalus mwaka 503 (1109) Ihya ilichomwa moto mjini Qurtuba kwa fatwa ya kadhi Ibn Hamdin na wenzake na kwa amri ya mtawala. Wao hawakuichoma kwa ajili ya hadithi dhaifu. Mafakihi wa mtawala waliona wanasemwa wao.

Na wako wanaomlaumu kwa jambo zito zaidi. Mwaka 492 (1099) Wanasara wa Ulaya waliuteka Baitul Muqaddas, wakawaua watu wake, katika mahali pale pale alipokuwa akijifungia miaka michache nyuma, na hatuoni katika vitabu vyake kilio cha msiba ule. Waliomtetea wamesema kuwa aliuona ugonjwa wenyewe uko mioyoni, na kutekwa kwa mji ni dalili yake. Udhuru huo sikuweza kuukubali wala kuukataa, na nimeuacha kama ulivyo.

Miaka 11 baada ya kutoka Baghdad, waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alimtaka arudi kusomesha katika Nidhamiya ya Naisabur. Hii ilikuwa ni kuivunja ile khalwa, na pengine kuigusa ile ahadi. Akataka shauri kwa watu wema, wakamwambia kuwa karne mpya inaingia, na kuwa Mtume (S.A.W.) ametoa bishara ya kuja mwenye kuihuisha dini katika kichwa cha kila karne. Akarudi mwaka 499 (1106). Amesema kuwa anajua kwamba ingawa amerudi hakurudi: zamani alikuwa akifunza elimu ya kupatia cheo, na sasa anafunza elimu ya kuachia cheo, na hajui kama atafika au atafikwa na mauti njiani. Huko akakutana na hasadi za mafakihi, wakamshitaki kwa Sanjar, mtawala wa Khurasan, ikambidi asimame mbele yake na kujitetea. Wala hakuacha kufanya kazi. Katika mwaka 503 (1109) akamaliza Al-Mustasfa katika usulul fiqhi, kitabu ambacho wanafunzi wa usuli wanakitegemea mpaka leo. Na aliyekuwa akiwahukumu wanafalsafa kwa ukali ndiye aliyetunga pia Faisalut Tafriqa, kitabu cha kuwaonya watu wasimtoe mtu katika Uislamu kwa kuwa amehitalifu na madhehebu yao.

Mwisho akarejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa masufi, akaigawa siku yake baina ya Qurani, kusomesha, na kukaa na watu wa nyoyo. Alipoitwa tena Baghdad kushika kile kiti alichokiacha, akaomba udhuru: ana wanafunzi, ana watoto, na ana ahadi aliyoiweka Al-Khalil.

Abdul Ghafir Al-Farisi, aliyemjua kwa macho yake, amesimulia kuwa zamani alimwona ana kibri na kuwadharau watu, na baada ya kurudi alimdhania kuwa anajilazimisha unyenyekevu, mpaka alipomchunguza akahakikisha kuwa mtu amebadilika kweli. Na amesimulia kuwa katika siku za mwisho Ghazali aliielekea hadithi ya Mtume (S.A.W.), akakaa na watu wake na kuzisoma Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Imamu aliyekwisha andika Ihya na Tahafut alikaa chini kama mwanafunzi katika fani aliyojua kuwa hana mizigo ndani yake. Lau angeishi, asema Al-Farisi, angewapita wote katika fani hiyo kwa siku chache.

Hakuishi. Siku ya Jumatatu, mwezi 14 Jumadal Akhir mwaka 505 (18 Desemba 1111), kwa ilivyopokewa kwa nduguye Ahmad, alitawadha akasali Alfajiri, akataka sanda yake, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akasema kuwa amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Kisha akanyosha miguu yake, akaelekea Qibla, akafa kabla ya kupambazuka vyema. Akazikwa Tus, katika mtaa wa Tabaran, hakuacha ila mabinti. Alikuwa na urithi mdogo wa kuwatosha, na watu walipotaka kuwaongezea mali katika uhai wake, alikuwa akiikataa.